Mkono wa Kipchirchir

Jumatatu, 16 Septemba 1996

Mvua tangu saa nane. Nimelowa hadi soksi. Lakini leo sijali — ubao umefanya kazi!

Daftari hili ni jipya, wacha niandike vizuri tangu mwanzo. Fundi Ogari, yule wa useremala, ameleta kibao alichokuwa akikitengeneza kwa wiki tatu. Kibao chembamba chenye matundu, kila tundu juu ya herufi moja ya taipureta. Kidole cha Kipchirchir kinaingia kwenye tundu, kinatikisika humo ndani kinavyopenda, lakini hakiwezi kugonga herufi ya jirani. Mistari minne amepiga. Minne! Miaka miwili karatasi zake zilikuwa kama kuku wamepita juu yake. Leo mistari safi, na jina lake chini.

Ogari akasema ni mbao tu hii, mwalimu, usilie. Nani alikuwa analia? Mvua.

Kipchirchir ana miaka kumi na tisa, kidato cha nne, mkubwa kuliko wote kwenye darasa letu maalum. Mama yake husema alizaliwa akachelewa kulia. Tangu hapo mikono, shingo na upande mmoja wa uso hutikisika bila yeye kutaka. Maneno humtoka polepole. Akili ni wembe. Mwalimu mkuu bado humsalimia kwa sauti kubwa, kama kiziwi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimejaza fomu za mpango. Kila mwanafunzi na fomu yake, kila mmoja na njia yake — hivyo tulivyofundishwa kwenye ile kozi ya Nairobi. Swali la kwanza: Mwanafunzi anataka nini akimaliza shule? Mkufunzi alituonya: usiandike unachotaka wewe, mwalimu. Andika maneno yake.

Sellah, wa magongo: duka la nguo Sotik, na kioo kirefu ndani. Sawa, nimeandika hata kioo.

Kwa Kipchirchir nilikuwa nimeshaandika kwa penseli: karani, chuo cha makarani Kericho. Nikamuuliza kwa kutimiza sheria tu. Akatazama dirisha muda mrefu. Akasogeza taipureta. Dakika kumi, tundu kwa tundu.

NATAKA KUINGIA MENJO NA KIPKEMBOI DISEMBA

Nimekaa huku Roret miaka minane. Najua menjo ni nyumba wanayokaa vijana wa Kipsigis wakishatahiriwa, wafundishwe mambo ya wanaume. Lakini nilidhani yeye alishatoka huko zamani! Kwetu Kisii kijana hupelekwa akiwa na miaka minane, kumi. Huyu ana kumi na tisa, ana ndevu.

Na sasa nimekumbuka kikao cha wazazi cha Julai. Nilisimama mbele ya wazee wote nikamwambia baba yake: mzee Robert, huyu kijana wako ni mwanamume kamili, mwache ajiamulie. Wazee wakatazama chini. Nikafikiri maneno yangu yamewagusa. Yunia, Yunia. Natamani sakafu ipasuke.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimemshika Kiptum wa hesabu kwenye chumba cha walimu, wengine wakiwa kwenye chai. Yeye ni wa huku. Nikamwuliza kwa nini Kipchirchir hajapelekwa.

Alijifanya kusahihisha vitabu. Kisha akasema polepole. Siku ile ya kisu, kijana akisimama pale, hatikisiki. Hata kope. Ukipepesa tu, watu wameona, na utaitwa mwoga hadi uzeeni, wewe na nyumba yenu. Sasa huyu ambaye hutikisika hata akinywa uji?

— Baba yake si kwamba anamwonea haya, akasema Kiptum. Anamwogopea. Kila mwaka anasema mwaka ujao.

Lakini mwaka huu mdogo wake, Kipkemboi, ana miaka kumi na tano na anaingia. Mdogo akimruka, basi. Atarudi mwanaume, na Kipchirchir atabaki mtoto katika nyumba ileile. Katika vikao hatakuwa na mahali pa kukaa. Hata akiwa na mvi.

Nikasema basi tuandike kwenye mpango, tutafute njia. Kiptum akacheka, akahesabu kwa vidole: — Mwalimu, hii si mambo ya faili. Si mambo ya mama. Na si mambo ya Mkisii.

Vidole vitatu. Nilitaka kuvivunja kimoja kimoja. Lakini labda anasema kweli? Sijui. Nimefuta ile penseli, sijaandika kitu badala yake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Barua kutoka chuo cha makarani, jibu la ile niliyowaandikia! Watamkubali afanye mtihani wa kuingia na ubao wake. Nafasi moja wametenga. Nimeruka jikoni kama msichana, chapati ikaungua.

Kisha nikasoma tarehe. Jumanne, tarehe kumi Desemba.

Vijana wanaingia wiki ya kwanza ya Desemba. Hawatoki hadi Januari. Hakuna kutoka kidogo, hakuna ruhusa ya siku moja.

Nimepanda gari hadi posta ya Sotik kupiga simu. Mama mmoja wa chuo, sauti tamu kama asali, akasema tarehe haibadiliki, na mwakani hawezi kuahidi kitu. Sarafu zikaisha akiwa bado ananipa pole.

Jumapili, 6 Oktoba

Mume wangu Zack amekuja kutoka Mulot, anakolima mahindi, amelala kanisani wakati wa mahubiri kama kawaida. Nikamweleza tukitembea. Kwake rahisi: mpeleke hospitali, atahiriwe na daktari, kidonda kipone, tarehe kumi yuko Kericho anapiga taipu. Shida iko wapi?

Nikaona kweli, shida iko wapi! Wanaume wakati mwingine wana akili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Barua nimeificha siku kumi na mbili. Nimeandika. Haya.

Leo nimemwambia Kipchirchir habari ya hospitali. Nilikuwa nimejiandaa, nimechora hata kalenda. Akasikiliza yote. Kisha kwenye taipureta:

HOSPITALI HAKUNA WATU

Nikamwambia hospitali imejaa watu hadi kwenye veranda. Akanitazama kwa huruma, mimi mwalimu wake. Nikaelewa nikiwa njiani kwenda nyumbani, karibu na daraja. Watu wa kumwona. Wa rika lake. Wa kusema tulikuwa naye.

Lakini kabla ya hapo nilitoa barua. Aliisoma mara mbili. Mkono wake ukaruka ukaangusha kikombe cha penseli. Sikujua ni furaha au nini. Nikamwuliza: unataka ipi?

— Zote... mbili, akasema.

Nikasema zote mbili haziwezekani, siku ni zilezile. Akasema tena. Zote. Mbili. Nikakasirika! Nikamwambia dunia haiko hivyo. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko dakika tano, kwa sababu nimezunguka nchi nzima nikiwaambia wazazi kwamba watoto hawa wana haki ya kutaka.

Jumatano, 23 Oktoba

Mtihani wa taifa umeanza kwake, na muda wa ziada. Sitaki kumsumbua. Mimi mwenyewe nasumbuka vya kutosha. Nimeweka chumvi kwenye chai ya mwalimu mkuu.

Jumanne, 19 Novemba

Amemaliza karatasi ya mwisho jana. Leo baba yake amekuja. Hajaitwa!

Mzee Robert alitoka moja kwa moja kituo cha kupimia majani chai, mikono bado myeusi kwa utomvu. Ameniletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, magoti juu. Tukaongea mvua. Tukaongea ng'ombe wake aliyekataa kushika mimba. Kisha:

— Kiptum anasema wewe unaandika hii kutikisika ya kijana. Ni ukweli?

Nikatoa faili. Miaka miwili ya karatasi zenye mistari: saa, alikuwa akifanya nini, mkono ulifanyaje. Nilianza kwa sababu ya taipureta, nijue afanye mazoezi saa ngapi. Mzee akafuata mistari kwa kidole, akisoma kwa midomo. Akishtuka, sana. Akichoka, sana. Akiimba, kidogo. Akilala, hapana.

Kidole kikasimama hapo.

— Akilala, hapana?

Nikasema ndiyo mzee, siku ile ya safari ya shule alilala kwenye basi, mikono ilitulia kabisa. Akasema tangu kijana awe mkubwa yeye hajamwona akilala, wavulana wana nyumba yao. Akafuta macho kwa mkono ule mweusi, ukaacha alama shavuni. Nami nikajifanya kutafuta kalamu.

Basi akaeleza. Amekwenda kwa mzee arap Sitonik, ambaye ndiye anawasimamia vijana mwaka huu. Arap Sitonik hakukataa. Alisema: mimi sikatai mtoto wa mtu. Lakini watu watatazama, na mimi ndiye nitaulizwa. Lazima nijue kutikisika gani ni ya Mungu na gani ni ya uoga. Nani ataniambia?

— Nikamwambia iko mwalimu, akasema mzee Robert. Nikasema ni mama, na ni Mkisii, lakini anaandika.

Jumamosi tarehe thelathini niende kwao. Nimekubali kabla ya kufikiri. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimepitia faili yote jioni hii kabla ya kupika. Natafuta safu moja. Akiogopa.

Hakuna. Nina akishtuka, nina akikasirika, nina hata akila mahindi ya kuchoma. Miaka miwili sijawahi kuandika kwamba kijana huyu aliogopa kitu. Hakuogopa? Au sikumwuliza? Na woga humtikisa mtu yeyote, hata mimi mwenye mikono yangu mizima. Nitamwambia mzee nini?

Mwalimu mkuu amenisimamisha kwenye veranda. Amesikia. Amesema shule haimo, na nikienda niende kama Yunia, si kama mwalimu. Akapunguza sauti: tangu yale mapigano ya makabila ya tisini na mbili sisi majirani tunatembea kwa uangalifu, mila ya watu usiiguse. Nikasema wameniita wenyewe. Akasema ndiyo mbaya zaidi.

Na sasa jambo ambalo sitalisema mahali pengine. Nataka mzee akatae. Haya, nimeliandika. Akikataa, tarehe kumi nitamshika mkono Kipchirchir na ubao wake hadi Kericho, atapiga taipu, watamchukua, atakuwa na kazi na mshahara wake, hatamtegemea mtu. Miaka miwili nimengoja hilo. Kisha naona sura yake akimsaidia Kipkemboi kubeba mzigo wa kurudi nyumbani kutoka menjo, na sitaki tena. Kisha nataka. Nani aliniambia nisomee kazi hii?

Jumatatu, 25 Novemba

Nimepiga pasi gauni mbili. Sijui nivae ipi kwenda kwa wazee. Nimemwuliza Zack kabla hajarudi Mulot, akasema ile ndefu. Zote ni ndefu!

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika jikoni kwa Mama Chemutai, mamake Kipchirchir. Daftari liko juu ya faili, atadhani naandika mambo ya shule. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Nilifika saa tatu. Arap Sitonik alikuwa ameshakaa kwenye kigoda nje, koti zito, kofia ya sufu, jua kali hivi. Macho madogo, ya kucheka. Nilitegemea uso wa kutisha. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za Kisii, kama ndizi ziko. Kisha nikawekwa kiti nyuma yake kidogo, upande. Mzee Robert katikati.

Kipchirchir akatumwa kuchuma chai kwenye mistari iliyo karibu na nyumba. Majani mawili na chipukizi, anajua tangu utotoni, ila nusu huanguka. Mkono ukaruka.

— Hii? akasema mzee bila kugeuka.

— Ni ugonjwa, mzee. Analenga kitu kidogo. Akilenga, unaruka.

Akatumwa alete maji kwenye kikombe kilichojaa. Yakamwagika hadi kwenye viatu.

— Hii?

— Ugonjwa. Analenga tena.

Mbwa akabweka nyuma yake, shingo ikapinda. Hiyo ni kushtuka, nikasema, tazama mzee, shingo ndiyo inaanza, mkono unafuata. Akachuma tena. Sasa kidole gumba kikaanza kucheza peke yake. Nikafungua kinywa, na arap Sitonik akainua mkono kuninyamazisha.

— Hii amechoka, akasema.

Kweli! Alikuwa amechoka! Gumba ndiyo dalili. Mimi ilinichukua mwaka mzima na karatasi mia kuona hivyo, mzee huyu nusu saa, bila kalamu. Akaendelea. Hii analenga. Hii ameshtuka. Hii amechoka. Hakukosea hata moja. Niliona fahari ya ajabu, kama siku ya ubao. Nikasahau kabisa kwamba nilitaka akatae.

Kisha akamwita. Kipchirchir akaja akasimama mbele yake, hatua moja. Mzee akaongea naye kwa Kipsigis, chini chini, muda mrefu. Sikuelewa neno. Nikamtazama mzee Robert anitafsirie, lakini alikuwa ametazama ng'ombe. Kipkemboi, aliyekuwa akipasua kuni kando ya nyumba, akashusha shoka.

Mkono wa kulia ukaanza. Kisha wa kushoto. Kisha shingo, mdomo, hadi magoti. Sijawahi kumwona hivyo. Haikuwa imeanza shingoni, haikuwa gumba. Haikuwa kwenye faili yangu.

— Na hii, mwalimu?

Sasa ndiyo akageuka kunitazama.

Neno moja tu. Nikisema ugonjwa, anaingia menjo na tarehe kumi imepotea. Nikisema woga, wanamwacha, na Jumanne ile tuko Kericho. Na haki ya Mungu sikujua. Nilijua ni woga, halafu nikajua ni ugonjwa, halafu nikaona hakuna aliyewahi kuvitenganisha ndani ya mwili huo, hata mwenyewe. Nikasema: mzee...

Kipchirchir akasema kabla yangu. Kwa Kiswahili, ili nami nisikie. Ilichukua muda. Hakuna aliyemsaidia.

— Hii... ni... uoga.

Mama yake alikuwa mlangoni. Nikasikia akivuta pumzi.

Lakini hakurudi nyuma. Alibaki palepale mbele ya mzee, anatikisika mwili mzima, macho hayatoki usoni mwake. Dakika nzima labda. Arap Sitonik akaokota fimbo yake, akamwita mzee Robert kwa jina, wakaenda nyuma ya boma la ng'ombe.

Hiyo ilikuwa saa tano. Sasa inakaribia saa saba. Mara sauti ya mzee Robert inapanda, mara inashuka. Kipkemboi amepita mara mbili akijifanya kutafuta ndama. Mama Chemutai amenipa chai, ameniongeza. Anakoroga ugali ambao umeshaiva.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Yeye, kwa nini hakunyamaza? Mimi mwenyewe, kwa nini sikuwa na jibu? Au hiyo fomu yenye mstari mmoja tu wa kuandika anachotaka?

Kipchirchir ameingia akakaa karibu nami kwenye benchi. Mikono imetulia sasa, karibu kabisa. Ameniuliza kitu, amerudia mara mbili ndipo nikaelewa.

— Mwalimu... nimeharibu?

Sijamjibu. Nimeandika mistari hii mitatu na bado sijamjibu, na anaona naandika.

Sauti zimekoma kule bomani. Mama ameondoa sufuria motoni. Nasikia fimbo ya arap Sitonik kwenye mawe ya njia, na viatu vya mtu mmoja tu. Kipchirchir amesimama kabla ya kuitwa.